Niliyemuumiza Kwanza Alikuwa Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi niliusimulia utoto wangu kwa namna moja tu: kwamba baba alitupiga, mama alipigwa, nami, mtoto wa kwanza, niliwakinga wadogo zangu. Sehemu mbili za mwanzo ni za kweli. Ya tatu niliiamini kwa moyo wote hadi nilipofikisha umri wa miaka 34, siku mdogo wangu wa kiume aliponiambia kwa upole, bila hata kupandisha sauti, kwamba katika nyumba ile mtu aliyemwogopa kuliko wote hakuwa baba. "Baba nilijua anarudi saa ngapi, dada," alisema. "Wewe ulikuwemo ndani kutwa nzima."

Watu wanapozungumza juu ya ukatili dhidi ya watoto, mara nyingi huruka kutoka utotoni hadi utu uzimani: leo ni mtoto anayepigwa, kesho ni mume anayempiga mkewe au mzazi anayempiga mwanawe. Katikati pale ipo miaka ya balehe, ambayo wengi huiita miaka ya ukaidi na kuipita haraka, na ni katika miaka hiyohiyo ndipo mimi nilipoanza kuugua na ndipo nilipoanza kupiga. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kuugua kule na kupiga kule vilikuwa kitu kimoja.

Baba hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaonisikiliza hutafuta chupa katika kisa changu, na wakiikosa hushangaa. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye kuheshimiwa, mtu ambaye majirani walimpelekea ugomvi wao awaamulie, na alipiga akiwa na akili zake timamu kwa kuwa aliamini ndivyo mzazi anavyopaswa kufanya. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alikuwa akisema, huku akiufungua mkanda taratibu. Kilichoniumiza kuliko mkanda ni kile kilichofuata. Nilitakiwa nisimame, nifute machozi, nimtazame usoni na kusema, "Asante, baba," na sauti ikitetemeka nilirudia mpaka itulie. Matusi aliyomtupia mama usiku, ambayo tuliyasikia neno kwa neno kupitia ukutani, hayakuwa na shukrani mwishoni. Yaliishia kwa kishindo, kisha kimya.

Nilijifunza kuzisoma funguo zake. Alizitia zote kwenye pete moja ya chuma, na namna zilivyogonga mlango ilinipa habari za usiku mzima. Zikigonga mara moja na kitasa kikaachia, tungelala. Akiusukuma mlango kabla ufunguo haujazunguka, nikasikia mbao zikitikisika na pumzi yake nje, basi nilikuwa na muda wa kuhesabu hadi sita hivi: daftari lenye alama mbaya chini ya godoro, mdogo wangu kitandani akijifanya amelala, viatu vilivyotapakaa vipangwe, uso wangu usiwe na furaha wala huzuni. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu watafiti waliowaonyesha watoto picha za nyuso zilizoanza zikiwa hazieleweki na kudhihirika kidogokidogo. Watoto waliowahi kupigwa walitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Nilikisoma kifungu hicho mara mbili, kisha nikakaa muda mrefu bila kufanya lolote. Sikuwa mtoto mwenye hila, kama nilivyoambiwa. Nilikuwa mtoto aliyekuwa zamu.

Mtoto aliye zamu halali vizuri, na mwili wake haujui kushuka kutoka kwenye hadhari. Wataalamu hueleza kwamba sehemu ya ubongo inayonusa hatari, iitwayo amigdala, huzoea kukesha, na mpangilio wa homoni za msongo kama kotisoli huvurugika, wakati sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kujizuia, bado inakua na haikomai hadi kijana avuke miaka 20 na ushei. Kwa maneno mengine, kijana aliyelelewa kwa kipigo huingia katika balehe akiwa na king'ora kikali na breki changa. Sikuwa na lugha hiyo nilipokuwa na umri wa miaka 13. Nilichokuwa nacho ni tumbo lililouma kila asubuhi ya shule, ambalo waganga wawili walilipima wasione kitu. Usingizi uliokuja darasani na kukataa kuja kitandani. Na ganzi ya ajabu moyoni, kiasi kwamba siku tulipomzika bibi, niliyempenda sana, nilisimama kaburini nikiwatazama wengine wakilia kana kwamba nawaona kupitia kioo. Shangazi aliniona nisivyolia akasema mtoto huyu moyo wake mgumu. Baba akalichukua neno hilo, na tangu hapo likawa jina langu.

Hapa ndipo ninapotaka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wazima wengi wanapokosea, nami nikiwemo. Kila dalili ya kuumia kwangu ilipokewa kama kosa jipya. Nikisinzia darasani, ni uvivu. Nikishtuka na kuruka mtu akinigusa bega, ni jeuri. Nikijibu kwa sauti kali kabla sijafikiri, ni kiburi cha msichana aliyeanza kujiona mkubwa. Nikinyamaza, ni kununa. Na kwa kuwa kila kosa lilikuwa na adhabu yake, kipigo kilizaa dalili, dalili ikazaa kipigo, na watu wazima waliotuzunguka wakatikisa vichwa na kusema samaki mkunje angali mbichi. Hakuna aliyeuliza kwa nini samaki huyu, aliyekunjwa tangu akiwa na miaka 4, alikuwa bado hajanyooka. Ningeweza kuvumilia mengi, lakini kugeuziwa ugonjwa wangu kuwa hatia kulinifanya niamini kwamba ndani yangu mna kitu kibovu, na kijana akishaamini hivyo, anaanza kuishi kulingana na imani hiyo.

Nilikuwa na miaka 14, mdogo wangu 8. Wazazi hawakuwapo, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa nyumba. Alipita mbio, akaigonga meza, na kikombe cha maji kikamwagika juu ya daftari ambalo nilikuwa nimelinakili upya usiku kucha. Nakumbuka wino ulivyotawanyika, herufi zikigeuka mawingu ya samawati. Kisha nakumbuka mkanda ukiwa mkononi mwangu, ingawa sikumbuki kwenda kuuchukua. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka. Sikuhisi hasira kama watu wanavyoielezea. Nilihisi utulivu, wa kwanza baada ya miezi mingi, kana kwamba king'ora kile kilichokuwa kikilia ndani yangu usiku na mchana kilikuwa kimezimwa na mtu. Hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote ninayoyajua juu ya ukatili: ulinipa nafuu. Kwa hiyo niliurudia, si siku hiyo tu, bali kwa takribani miaka 3, kila nyumba ilipobaki mikononi mwangu.

Katika kumbukumbu zangu kisa cha daftari kiliishia hapo, kwa mkono kuchoka. Ni mdogo wangu aliyenikumbusha kilichofuata. Nilimsimamisha, nikamwambia afute machozi, nikamwinua kidevu. "Sema asante, dada," nikamwambia. Akasema. Sauti ikatetemeka, nikamwambia arudie.

Mama naye hakuwa salama mikononi mwangu. Kijana aliyelelewa katika nyumba yenye vurugu mara nyingi humkasirikia zaidi yule anayeumia pamoja naye, kwa sababu huyo ndiye asiyeogopesha, na ndiye aliyetarajiwa kufungua mlango mkaondoka. Nilipokuwa na miaka 16 nilimsukuma mama, akaangukia kiti. Aliinuka, akapangusa nguo, akanitazama bila kushangaa hata kidogo. Mama alikuwa amezoea kiasi kwamba mkono wa binti yake haukuwa habari. Mwaka huohuo nilianza kufikiri kwamba ingekuwa afadhali nisingekuwapo, wazo lililokuja kwanza kama mgeni, kisha likawa na kiti chake.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu mmoja, na alianza kwa swali dogo mno. Wengine wote waliniuliza kwa nini unasinzia. Yeye aliniweka kando baada ya kipindi akauliza, "Nyumbani usiku huwa kunakuwaje?" Sikumjibu siku hiyo, wala wiki hiyo. Hakunisukuma, aliniambia tu kwamba yeye hukaa katika chumba cha walimu mpaka saa 11 jioni na kwamba mlango huwa wazi. Nilipoingia hatimaye, hakutoa hotuba wala hakukimbilia kumwita baba, jambo ambalo lingenigharimu vibaya sana. Alinisikiliza, akasema, "Nakuamini," kisha akatafuta namna ya kunipeleka kwa mshauri nasaha bila kuniweka hatarini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa nje aliyeijua siri ya mtungi wetu. Wazo lile la kutokuwapo halikuondoka mara moja, ila lilipoteza kiti chake. Kijana anayenisoma huku amebeba wazo kama hilo, ninamwomba amwambie mtu mzima mmoja anayemwamini leo hii, na huyo asipomsikia, amwambie wa pili, na wa tatu.

Mshauri yule alinisaidia juu ya yale niliyotendewa. Juu ya yale niliyoyatenda sikumwambia neno, na hakuuliza. Nadhani hilo ni pengo kubwa katika msaada tunaowapa vijana: tunamweka mtoto upande mmoja wa mstari, mhanga au mkorofi, na kama ni vyote viwili hatujui tumwite nani. Ukatili kati ya ndugu ndani ya nyumba huitwa ugomvi wa watoto, hata pale mmoja anapokuwa na mkanda na mwingine ana miaka 8. Laiti mtu mmoja angeniuliza, "Na wewe, unapochemka, hasira zako zinamwishia nani?", ningejua kwamba swali hilo lina jibu.

Nikaolewa na mtu mpole. Nikazaa. Niliapa kwamba sitaugusa mkanda, na kweli sikuugusa, na kwa sababu hiyo nilijihesabu kuwa nimepona. Nilipiga kelele tu, nilibamiza milango tu, nilikaa siku mbili bila kumsemesha mtoto tu. Binti yangu alipokuwa na miaka 12, nilirudi nyumbani mapema jioni moja, nikasimama nje ya mlango nikitafuta ufunguo kwenye mkoba. Ndani alikuwa akicheka na rafiki yake. Funguo zilipolia, kicheko kilikatika. Sikuwa nimeugusa mlango bado. Nilipoingia alikuwa amekaa wima, daftari limefunguliwa mbele yake, na uso wake haukuwa na furaha wala huzuni.

Niliujua uso ule. Ulikuwa wangu.

Wiki hiyo nilitafuta mshauri, na safari hii nilianza na yale niliyoyatenda. Ni yeye aliyenielekeza nisome kuhusu utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998, ambao uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,500 katika jiji la San Diego nchini Marekani kuhusu madhila ya utotoni, kuanzia kupigwa, kutukanwa na kudhalilishwa kingono hadi kumwona mama akipigwa. Waliokuwa na aina 4 au zaidi za madhila hayo walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi ya wenzao wasio na hata moja kwa mara 4 hadi 12. Nilihesabu yangu kwa kalamu pembeni ya ukurasa, nikaingiwa na hofu. Mshauri akaichukua kalamu akaniambia hesabu ile ni ya kuangalia umma, si ya kumtabiria mtu mmoja. Na ni kweli kwamba mwaka 2020 Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, aliandika kuonya dhidi ya kuitumia hivyo. Kilichonishtua zaidi ya tarakimu ni kwamba kumwona mama akipigwa kuliwekwa katika orodha moja na kupigwa mwenyewe. Nilikuwa nimeishi nikidhani zile zilikuwa usiku za mama, si zangu.

Nilitaka pia kujua kama ni kweli kwamba aliyepigwa lazima atapiga, kwa maana nilikuwa nimeanza kuitumia kauli hiyo kama udhuru. Mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, aliwafuatilia watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha kati ya mwaka 1967 na 1971 kwamba walitendewa ukatili au kutelekezwa, akawalinganisha na 667 wasio na historia hiyo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kwamba waliotendewa ukatili walikamatwa kwa makosa zaidi ya wenzao, yakiwemo ya kutumia nguvu. Lakini yalionyesha pia kwamba walio wengi hawakuwa wahalifu wala watu wa vurugu. Sentensi hiyo ya pili haisemwi sana, na inanihukumu na kunifariji kwa wakati mmoja. Mdogo wangu wa kiume, aliyepigwa na watu wawili, hajampiga mtu yeyote maishani mwake. Yeye kiwewe kilimgeukia ndani: alipofika miaka 15 alikuwa hatoki chumbani, haangalii mtu machoni, na kila swali alilijibu kwa kusema samahani. Nyumba moja, mkanda mmoja, magonjwa mawili.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya 18. Nikiutazama umri huo, naona kwamba ndio wakati ambapo watu wazima huwa wamepungukiwa na subira kabisa na mtoto wao. Mtoto wa miaka 5 anayelia usiku hukumbatiwa; wa miaka 14 anayebamiza mlango hufokewa, ingawa huenda ni kilio kilekile kilichobadilika sauti. Sisemi kwamba kila kijana mkorofi ameumizwa. Nasema kwamba mabadiliko ya ghafla ya usingizi, masomo, hamu ya kula na urafiki, kushtuka ovyo, kujiumiza, au ukatili kwa walio wadogo zaidi, yanastahili kuulizwa kabla ya kuadhibiwa, na kwamba swali lenyewe liulizwe na mtu aliye tayari kupokea jibu linalomhusu yeye.

Wapo wanaoniambia, nikieleza haya, kwamba bila kiboko watoto wataharibika. Siwadharau, baba yangu alikuwa mmoja wao, na aliamini kwa dhati. Ila Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 unataka, katika kifungu cha 19, mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili hata anapokuwa mikononi mwa wazazi wake, na Sweden ilikuwa imepiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani tangu mwaka 1979, vizazi viwili vikakua bila hiyo. Kwa upande wangu sihitaji kwenda mbali hivyo. Mkanda haukunifundisha kutunza daftari, kusema kweli wala kuheshimu watu. Ulinifundisha utaratibu mmoja tu, nao niliufuata hatua kwa hatua mpaka kwenye neno la asante.

Kwa binti yangu niliomba radhi mwenyewe, nikiwa nimeketi sakafuni ili nisiwe juu yake, na nilijizuia kuweka neno "lakini" katika sentensi yoyote. Sasa nikifika mlangoni hupiga hodi katika nyumba yangu mwenyewe kabla sijatoa funguo. Ilichukua miezi mingi kabla kicheko hakijaacha kukatika, na zipo siku bado kinapungua. Mimi pia zipo siku ninachemka. Hutoka nje, husimama ukutani mikono ikiwa wazi, huhesabu pumzi, na nikirudi humweleza kwamba hasira ile ilikuwa yangu, si kosa lake.

Kwa mdogo wangu ilikuwa vigumu zaidi. Nilimwambia yote niliyoyakumbuka, naye akaniongezea niliyoyasahau, na nilipomaliza kuomba radhi alikaa kimya, kisha akasema, "Nimekusikia, dada." Hakusema amesamehe, nami sikumwomba aseme, kwa kuwa nilishawahi kumlazimisha maneno ya kinywani.

Ana mtoto wa miaka 5 sasa, na huja naye kututembelea. Hajawahi kumwacha na mimi peke yetu. Mara ya mwisho simu ilimwita, akatoka kwenda kuipokea uani, akauacha mlango wazi nyuma yake na kusimama mahali ambapo angeweza kutuona. Mtoto alikuwa akichora mezani, kikombe cha maji karibu na kiwiko chake. Upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi zake, akaniomba niufunge mlango. Nilichukua vijiko viwili nikaviweka juu ya karatasi zisipeperuke, nikarudi kwenye mkeka nilipokuwa nimeketi, na mlango nikauacha ulivyo.